Dawa ipi kwa ngozi ipi: kulinganisha infliximab, adalimumab, vedolizumab, ustekinumab na wenzao

Mgonjwa wa Crohn au wa kolaitisi ya vidonda, magonjwa mawili sugu ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo, akifikishwa kwenye dawa za kibayolojia (protini zilizotengenezwa kwa seli hai ili kuzuia sehemu fulani ya kinga), mazungumzo yote huwa ya tumbo. Anaulizwa anakwenda chooni mara ngapi kwa siku, kama kuna damu, amepungua kilo ngapi. Ni haki yake aulizwe hivyo, maana tumbo ndilo lililomleta. Lakini wapo ambao miezi kadhaa baadaye, tumbo likiwa limetulia vizuri, wanarudi kliniki na shida nyingine kabisa: magamba kichwani na nywele zinazokatika, vipele vya usaha kwenye viganja na nyayo, ngozi iliyochanika nyuma ya masikio. Hapo ndipo ngozi inapoulizwa habari kwa mara ya kwanza, na dawa tayari imeshachaguliwa.

Msimamo wangu katika makala hii ni mmoja. Dawa mbili zikiwa zinakaribiana kwa uwezo wa kutuliza utumbo wako, historia ya ngozi yako ndiyo iamue. Na pale ambapo utumbo unahitaji dawa moja tu na hakuna mbadala, basi ujue mapema ngozi itakuletea nini ili usije ukaacha dawa kwa hofu.

Makundi yenyewe ni matatu. La kwanza ni la wazuia TNF. TNF ni protini ambayo mwili huitumia kuchochea mchochota, yaani kuvimba na kuwaka kwa sehemu ya mwili, na kwa mwenye Crohn huwa imezidi. Infliximab ndiyo kongwe. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, sehemu yake ndogo imetokana na panya na sehemu kubwa ni ya binadamu, na huingia kwa dripu wiki ya 0, ya 2, ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Adalimumab ni ya kibinadamu yote, na mgonjwa hujichoma mwenyewe chini ya ngozi kila baada ya wiki 2. Golimumab na certolizumab ni za ukoo huohuo. Kundi la pili lina vedolizumab peke yake, iliyoidhinishwa mwaka 2014: inazifungia mlango seli nyeupe za damu zisipenye kwenye ukuta wa utumbo, na sehemu nyingine za mwili haizigusi sana. Kundi la tatu linazuia intalukini, protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana taarifa. Ustekinumab inazuia intalukini 12 na 23. Risankizumab, guselkumab na mirikizumab zinazuia 23 pekee.

Tofacitinib na upadacitinib, ambazo ni vidonge, huwekwa kwenye kapu hilihili na watu wengi, lakini si dawa za kibayolojia. Nitazigusa kidogo tu.

Infliximab na adalimumab: soriasisi inayoletwa na dawa ya soriasisi

Hapa ndipo penye mengi ya kusema. Wazuia TNF hutibu soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi wenye mabaka na magamba. Adalimumab na infliximab zote mbili zimeidhinishwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu ambao hawajawahi kuwa na soriasisi maishani mwao, dawa hizohizo huiamsha. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba TNF, pamoja na kuchochea mchochota, huzuia pia protini nyingine iitwayo intaferoni isizidi. Ukiiondoa TNF, seli fulani za ngozi huendelea kumwaga intaferoni bila kizuizi, na ngozi inachachamaa.

Tafiti nyingi huweka soriasisi ya namna hii kwenye wagonjwa 2 hadi 5 kati ya kila 100 wanaotumia wazuia TNF. Ukihesabu na ukurutu, ukavu wa ngozi na mengineyo, idadi inapanda sana. Madaktari wa Leuven, Ubelgiji, waliwafuatilia wagonjwa 917 wa utumbo walioanza infliximab, wakachapisha matokeo mwaka 2016: karibu asilimia 29 walipata tatizo fulani la ngozi. Nakuomba uisome namba ya pili kwa makini kuliko hiyo ya kwanza. Kati ya hao waliopata tatizo, takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyelazimika kuacha dawa. Waliobaki walitibiwa ngozi huku dripu ikiendelea.

Soriasisi hii ina mahali inapopendelea: kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni, kwenye mikunjo ya kinena na makwapa, sehemu za siri, na kwenye viganja na nyayo ambako huja na vijipele vya usaha usio na vijidudu. Inaweza kutokea wiki chache baada ya dozi ya kwanza, na inaweza kusubiri miaka. Wavutaji sigara hupatwa zaidi, na wanawake huonekana kupatwa zaidi ya wanaume. Ya kichwani ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu ikiachwa inaweza kung'oa nywele na kuacha makovu yasiyootesha tena. Mama au dada anayesuka au kuvaa wigi anaweza kukaa nayo muda mrefu akidhani ni mba. Ukiwa kwenye dawa hizi, msusi wako akisema "ngozi ya kichwa imeota magamba," peleka habari hiyo kliniki wiki hiyohiyo.

Ukitaka kuchagua kati ya infliximab na adalimumab, soriasisi haitakusaidia kuamua. Zote zinaileta, na anayeipata kwa moja akahamishiwa nyingine, mara nyingi inamrudia. Tofauti zao ziko kwingine.

Infliximab huleta zaidi mwitikio wa dripu: kuwashwa, vipele vya mzio, uso kupata joto na kuiva, kifua kubana. Katika majaribio makubwa, wagonjwa 18 kati ya 100 walipata mwitikio fulani wakati wa dripu au ndani ya saa moja baadaye, ukilinganisha na 5 kati ya 100 waliopewa dripu isiyo na dawa. Mingi ni midogo na huisha dripu ikipunguzwa kasi. Adalimumab yenyewe husumbua pale sindano inapoingia: uvimbe mdogo, muwasho, wekundu, kwa wagonjwa 20 hivi kati ya 100. Matoleo mapya yasiyo na chumvi ya sitrati hayaumi sana, na kuitoa sindano kwenye jokofu mapema ipate joto la chumba kabla ya kujichoma kunasaidia.

Tofauti kubwa zaidi kwa watu wetu ni ya kukatiza dozi. Infliximab haipendi kuachwa na kurudiwa. Mwili ukikaa bila dawa kwa muda, unatengeneza kingamwili dhidi yake, na dozi inayofuata inakutana na mwili uliojiandaa kupigana. Katika jaribio moja, wagonjwa 40 wa Crohn walirudishiwa infliximab baada ya kukaa miaka 2 hadi 4 bila kuipata. 10 kati yao, siku 3 hadi 12 baada ya dripu, walipata homa, maumivu ya viungo na misuli, vipele, muwasho, wengine wakavimba uso na midomo. Anayelipa mfukoni mwake, au ambaye bima yake inakatika kila mwaka na kuchelewa kufunguliwa, asiuchukulie mpango huu kirahisi. Kabla ya dripu ya kwanza kaa na familia mjiulize: dozi ya nne tutaipataje, na ya tano? Kama jibu halipo, ni afadhali kumwambia daktari wazi kuliko kuanza na kukatiza. Biosimila, yaani dawa zinazofanana sana na za asili zinazotengenezwa na kampuni nyingine, zimeshusha bei katika nchi nyingi tangu ya kwanza ya infliximab ilipoidhinishwa Ulaya mwaka 2013, na kwa upande wa ngozi tabia zao ni zilezile za dawa asilia, kwa hiyo usiogope kupewa biosimila.

Ili kupunguza kingamwili hizo, madaktari wengi huongeza azathioprine, kidonge cha kushusha kinga. Jaribio la SONIC la mwaka 2010 lilionyesha kwamba wagonjwa wa Crohn waliopewa infliximab pamoja na azathioprine walipata nafuu zaidi ya waliopewa moja tu. Lakini azathioprine ina bei yake kwenye ngozi: inaifanya idhuriwe zaidi na mionzi ya jua, na inaongeza saratani za ngozi zisizo za melanoma (melanoma ni saratani ya seli za rangi ya ngozi). Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi hatari hiyo ni ndogo. Kwa mtu mwenye ualbino ni jambo la kuamulia matibabu. Mwenye ualbino akiugua utumbo, mimi ningeomba azathioprine iwekwe mbali kama kuna njia nyingine, wazuia TNF watumike kwa tahadhari, na vedolizumab ijadiliwe mapema. Na losheni ya kukinga jua ihesabiwe kama sehemu ya dawa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Wazuia TNF wana mambo mengine machache ya kukumbuka. Lupasi ya dawa: vipele usoni au sehemu zinazopigwa na jua, pamoja na viungo vinavyouma. Huisha dawa ikisimamishwa, lakini hii ni aina mojawapo ambayo kweli dawa husimamishwa. Kuvimba kwa mishipa midogo ya damu, kunakotokea kama madoa ya zambarau miguuni yasiyofifia ukiyabonyeza. Na maambukizi: majipu, fangasi, mkanda wa jeshi.

Kifua kikuu nakitaja peke yake kwa sababu ya mahali tunapoishi. TNF ndiyo inayozishikilia kuta za vinundu ambamo mwili umewafungia vijidudu vya kifua kikuu, na ukiizuia, kuta hizo hulegea. Kipimo cha Mantoux (cha sindano ya ngozini) au cha damu na picha ya kifua ni lazima kabla ya dozi ya kwanza. Baada ya kuanza, tezi ya shingoni inayovimba polepole na kupasuka, au kidonda cha ngozi kisichopona, kipimwe kifua kikuu hata kama hukohoi. Vedolizumab na ustekinumab hazina hatari kubwa namna hii, na kwa mtu anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu hilo peke yake linaweza kumwelekeza.

Ukiisoma orodha hii unaweza kujiuliza kwa nini mtu azichague. Jibu ni kwamba kuna magonjwa ya ngozi ambayo wazuia TNF ndio tiba yake. Utumbo ukiugua, wengine hutokwa na vinundu vyenye maumivu mbele ya miundi, ambavyo madaktari huviita erithema nodosamu. Wachache hupata pioderma gangrenosamu, kidonda chenye kingo za zambarau kinacholiwa na kupanuka haraka, kwa kawaida mguuni au kando ya mfuko wa choo wa waliofanyiwa upasuaji. Kidonda hiki kinafanana na kidonda kilichooza, na mkono wa mtu asiyekijua hukimbilia kukikwangua. Kikikwanguliwa kinapanuka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 liliwapa infliximab wagonjwa 13 na dripu tupu wagonjwa 17; ndani ya wiki 2 tu, 6 kati ya wale 13 walipata nafuu, na mmoja tu kati ya wale 17. Kadhalika majipu sugu ya makwapani na kinenani yanayotoboka na kuacha mifereji, ugonjwa uitwao hidradenaitisi, huwapata sana watu wenye Crohn, na adalimumab iliidhinishwa kuutibu mwaka 2015. Mtu mwenye Crohn na majipu ya namna hiyo, dawa moja inamhudumia pande mbili.

Vedolizumab: tulivu kwa ngozi, lakini haiutibu ugonjwa wa ngozi

Ukiweka dawa zote mezani na kuuliza ipi inaigusa ngozi kidogo zaidi, utafika kwa vedolizumab. Katika majaribio, vipele na muwasho viliripotiwa na wagonjwa 3 hivi kati ya 100, na mwitikio wa dripu ulikuwa nadra. Soriasisi imewahi kuripotiwa kwa watu mmoja mmoja, si kwa wingi. Sababu ni ule mlango ninaousema: dawa inazuia integrini ambayo seli huitumia kuingilia utumbo, na ngozi haina mlango wa aina hiyo.

Utulivu huohuo ndio upungufu wake. Kwa sababu haiendi kwenye ngozi, haiwezi kuitibu. Mgonjwa aliyekuwa na erithema nodosamu au pioderma, aliyekuwa ametulizwa na infliximab bila hata kujua, akihamishiwa vedolizumab anaweza kuona vinundu vinarudi wakati choo kinaendelea kuwa kizuri. Basi atasema vedolizumab imemletea ugonjwa wa ngozi. Kilichotokea ni kwamba kifuniko kimeondolewa. Mwenye soriasisi ya zamani naye asitegemee vedolizumab imsaidie. Haitamdhuru, lakini haitampa kitu.

Na haina haraka. Kwa kolaitisi, wengi huanza kuona mabadiliko kati ya wiki ya 6 na ya 14. Kwa Crohn inaweza kuchukua zaidi. Mtu aliyelazwa anatoka damu mara kumi na tano kwa siku hawezi kusubiri, na hapo infliximab inabaki mbele hata kama ngozi ina historia.

Ustekinumab na wazuia intalukini 23: waliotokea upande wa ngozi

Kundi hili lilianzia kwa madaktari wa ngozi. Ustekinumab iliidhinishwa kwa soriasisi mwaka 2009, ikaja kwa Crohn mwaka 2016 na kwa kolaitisi mwaka 2019. Risankizumab ilianza na soriasisi mwaka 2019, Crohn ikafuata mwaka 2022 na kolaitisi mwaka 2024. Guselkumab imepita njia hiyohiyo. Mirikizumab ndiyo iliyokuja moja kwa moja kwa utumbo, kwa kolaitisi mwaka 2023.

Kwa hiyo aliyepata soriasisi kutokana na infliximab au adalimumab, na imeshindikana kuituliza kwa mafuta ya kupaka, kwa kawaida anahamishiwa huku. Soriasisi inatibiwa, utumbo unatibiwa, kwa sindano moja. Ustekinumab huanza kwa dripu moja inayopimwa kwa uzito, halafu sindano ya miligramu 90 chini ya ngozi kila baada ya wiki 8, au 12 kwa baadhi ya nchi. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali ya rufaa, tofauti kati ya sindano 26 kwa mwaka za adalimumab na sindano 6 au 7 za ustekinumab inaonekana hata kwenye nauli.

Madhara ya ngozi yapo, ila ni mepesi: wekundu mahali pa sindano, muwasho, chunusi kwa wengine. Wanawake wachache hupata fangasi ukeni. Risankizumab na guselkumab zina wekundu wa sindano, na fangasi wa ngozi kwa kiwango cha mmoja hivi kati ya 100 katika majaribio ya soriasisi. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako jasho na unyevu havimwachi, azikaushe vizuri mikunjo na katikati ya vidole, na asidharau duara linalowasha. Soriasisi mpya inayoletwa na ustekinumab imeripotiwa, lakini ni nadra kuliko ile ya wazuia TNF. Pioderma na erithema nodosamu zinaweza kupata nafuu, ingawa ushahidi wake haujafikia ule wa infliximab.

Sasa tuzipambanishe zenyewe kwa zenyewe

Bahati nzuri yako majaribio yaliyoweka dawa mbili uso kwa uso, na ndiyo yanayonifanya niseme ngozi ina haki ya kuamua.

Kwa Crohn, jaribio la SEAVUE lilichapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 386 ambao hawajawahi kutumia dawa ya kibayolojia waligawanywa: nusu adalimumab, nusu ustekinumab. Baada ya mwaka, asilimia 65 wa ustekinumab na asilimia 61 wa adalimumab walikuwa wametulia. Tofauti hiyo kitakwimu si tofauti. Kwa mgonjwa wa namna hii, tumbo halina neno la kusema. Kama una soriasisi, au mzazi au ndugu yako wa damu anayo, au unavuta sigara na hujaweza kuacha, sioni sababu ya kuanza na adalimumab ikiwa ustekinumab inapatikana na mnaweza kuilipia. Kama una majipu sugu ya makwapani, geuza jibu: adalimumab iende mbele.

Kwa kolaitisi ya vidonda, VARSITY ya mwaka 2019 ililinganisha vedolizumab na adalimumab. Baada ya wiki 52, asilimia 31.3 wa vedolizumab walikuwa wametulia, dhidi ya asilimia 22.5 wa adalimumab. Hapa utumbo na ngozi vinasema jambo moja, na ningemwomba daktari anayependekeza adalimumab anieleze kwa nini. Zipo sababu nzuri: viungo vinavyouma na kuvimba pamoja na tumbo, vinundu vya miguuni, au bei tu. Bei ni sababu halali, isemwe wazi.

Kwa Crohn ambayo wazuia TNF wameshindwa, jaribio la SEQUENCE, lililochapishwa mwaka 2024, lilionyesha risankizumab ikiishinda ustekinumab. Kwa ngozi zote mbili ni nzuri, basi ufuate utumbo.

Na kwa fistula za njia ya haja kubwa, yaani mifereji isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumbo hadi kwenye ngozi, infliximab ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Mwenye fistula mbichi na soriasisi ya kifamilia ningemshauri aanze na infliximab, huku daktari wa ngozi akijua tangu siku ya kwanza. Fistula ikiharibu misuli ya kubana haja, hakuna mafuta ya kupaka ya kurudisha.

Kuhusu vile vidonge: upadacitinib huleta chunusi kwa wengi, hasa vijana, na tofacitinib na upadacitinib zote huongeza mkanda wa jeshi. Aliyewahi kuupata amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Ngozi nyeusi inavyoonekana, na mafuta yasiyofaa

Picha nyingi za soriasisi vitabuni ni za ngozi nyeupe: mabaka mekundu kama nyama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Huwa zambarau, kahawia iliyokolea, wakati mwingine kijivu, na magamba yake yana rangi ya majivu. Hata wekundu wa mwitikio wa dripu unaweza usionekane. Muuguzi amuulize mgonjwa kama anahisi joto na muwasho, asitegemee macho. Ukipona, madoa meusi hubaki kwa miezi. Hayo ni makovu ya rangi, ugonjwa umeshaondoka, na hayahitaji dozi mpya ya chochote isipokuwa subira na kujikinga na jua.

Hatari iko kwenye haraka ya kuyafuta. Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa mitaani zina steroidi kali kama clobetasol bila kuandikwa. Ukizipaka juu ya fangasi, fangasi anasambaa huku muwasho ukipungua, na anabadilika sura hadi daktari naye anachanganyikiwa. Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga hana nafasi ya mchezo huo. Kabla ya kuambiwa ni soriasisi, omba ngozi ikwanguliwe kidogo na kupimwa fangasi kwa darubini. Ni kipimo rahisi, hospitali nyingi zenye maabara zinaweza kukifanya, na hutenganisha matibabu mawili yanayopingana kabisa.

Ikithibitika ni soriasisi ya dawa, pima ukubwa wake kwa mkono wako: kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako yote. Ikiwa chini ya viganja vitano na haikusumbui sana, kwa kawaida dozi za tumbo zinaendelea na ngozi inatibiwa kwa steroidi kali ya kupaka iliyoandikwa na daktari, calcipotriol (dawa nyingine ya kupaka), au miale ya mwanga. Ikizidi hapo, au ikishika nyayo hadi unashindwa kutembea, au ikianza kung'oa nywele, ndipo kuhamia kundi jingine kunapojadiliwa. Piga picha kila wiki mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Andika tarehe ya kila dozi pembeni. Daktari akiona vipele vinakuja siku kumi baada ya kila dripu, ameshapata nusu ya jibu.

Mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo hayana mjadala: midomo, ulimi au uso kuvimba, kupumua kwa shida, malengelenge na ngozi inayobambuka pamoja na vidonda mdomoni au machoni, mkanda wa jeshi karibu na jicho, mguu mmoja ulioiva, wa moto, wenye maumivu yanayosambaa pamoja na homa.

Kitu kimoja bado, na ni cha kumwambia daktari wa ngozi badala ya wa tumbo. Soriasisi ina kundi jingine la sindano nzuri sana, zinazozuia intalukini 17: secukinumab, ixekizumab na wenzao. Secukinumab ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, na waliopewa dawa hawakupata nafuu. Hali zao zilielekea kuwa mbaya kuliko za waliopewa dawa bandia. Mgonjwa anayeingia chumba cha daktari wa ngozi na mabaka yake, asiseme habari za tumbo kwa sababu limetulia, anaweza kutoka na karatasi ya dawa itakayoliamsha. Taja Crohn au kolaitisi yako mwanzoni kabisa, taja sindano unayotumia na tarehe ya dozi ya mwisho, na ikiwa soriasisi yenyewe inahitaji sindano, omba madaktari wako wawili wazungumze juu ya ustekinumab, risankizumab au guselkumab, ambazo zinatibu ngozi na utumbo kwa pamoja.